Ini la Kondoo na Mwezi Uliopatwa: Jinsi Wafalme wa Ashuru Walivyoamua Mambo

Nguchiro alichomoka chini ya gari la farasi, akakata njia, akatokomea. Ni jambo la kufumba na kufumbua, na aliyekulia shamba ameliona mara nyingi. Lakini gari hili lilikuwa la mfalme wa Ashuru, dola ya kale katika Iraki ya leo, katika karne ya saba kabla ya Kristo (KK), na mfalme hakuliacha jambo lipite. Alimwandikia barua Issar-shumu-eresh, mkuu wa waandishi wake. Vitabu vya ishara, aliandika, vina kifungu kinachoanza hivi: ikiwa kitu kitapita katikati ya miguu ya mtu. Je, kifungu hicho kinamhusu pia mnyama aliyetoka chini ya gari? Jibu likarudi: ndiyo, kinahusu.

Ukilisoma swali lile taratibu utaona kwamba mfalme haulizi kama atakufa, wala haombi kutabiriwa. Anauliza kama kifungu fulani kinatumika katika tukio fulani, sawa na mtu anayemuuliza wakili wake kama sheria ya barabara kuu inafika mpaka kwenye uchochoro. Mimi huona kwamba barua hii fupi inafungua mlango wa jambo zima. Ishara kwa Waashuru zilikuwa shauri lililo mahakamani. Waamuzi walikuwa miungu, na shauri linaweza kujadiliwa, kupimwa upya, na kukatiwa rufani.

Sisi tunaosema Kiswahili hatuko mbali sana na ulimwengu huo. Wazee wa Pwani walikuwa na neno moja tu kwa mambo haya: ndege. Ukitoka safari ukakutana na kitu cha heri, umepata ndege njema. Ukakutana na kisirani, ndege mbaya, na wengine waligeuza wakarudi nyumbani. Kuna siku za nuhusi, kuna falaki, kuna kupiga bao. Kwa hiyo sitapoteza muda kueleza kwa nini watu huamini ishara. Kinachonishangaza kwa Waashuru ni namna walivyozijengea ofisi, kumbukumbu, wakaguzi na mawasiliano ya nchi nzima.

Wengi wetu tumekutana na watu hawa katika Biblia. Ninawi ya Nabii Yona ni mji wao. Senakeribu aliyeizingira Yerusalemu ni mfalme wao Sennacherib, na aliuawa na wanawe mwenyewe mwaka 681 KK. Mwana mwingine, Esarhaddon, ndiye aliyeshika kiti baada yake, akatawala mpaka 669 KK, kisha akafuata mwanawe Ashurbanipal. Katika Kitabu cha Ezekieli mfalme wa Babeli anasimama kwenye njia panda, anatikisa mishale na kuyatazama maini ili ajue aelekee wapi. Msomaji wa leo hupita hapo bila kujua ini linaingiaje katika mipango ya vita.

Tunajua linaingiaje kwa sababu ya moto. Ninawi ilianguka mwaka 612 KK ikachomwa, na moto ule uliouteketeza mji uliviivisha vibao vya udongo vilivyokuwa katika ikulu kama tofali tanuruni. Katikati ya karne ya 19 BK, Austen Henry Layard na Hormuzd Rassam, huyu wa pili akiwa mzaliwa wa Mosul iliyo ng'ambo ya mto Tigris, walifukua kwenye kilima cha Kuyunjik maelfu ya vibao na vipande vyake. Leo vinahesabiwa kuwa karibu 30,000 na vipo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Ndani yake mna barua za wataalamu kwa mfalme, ripoti za anga, maswali yaliyoulizwa kwa mungu, na vitabu vya ishara vyenyewe.

Vitabu hivyo vilikuwa vikubwa. Kile cha anga, Enuma Anu Enlil, kilijaza vibao karibu 70. Kile cha mambo ya ardhini, yaani nyumba, miji, nyoka, sisimizi, ndege na mijusi, kilizidi vibao 100. Vingine vilihusu watoto na wanyama wanaozaliwa na kasoro, na vingine ndoto. Kila sentensi ina umbo moja: ikiwa kadha, basi kadha. Ikiwa mji umejengwa kwenye mwinuko, wakaao humo hawatapata raha. Ikiwa mwezi na jua vitaonekana pamoja siku ya 14 ya mwezi, nchi itaridhika. Vikionekana pamoja siku ya 15, adui mwenye nguvu atainua silaha.

Huo mfano wa siku ya 14 una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Mwezi mpevu ukitokea siku yake, kalenda iko sawa na ulimwengu uko sawa. Ukichelewa, kuna kilichoteguka. Mwanajimu alikuwa juu ya dari usiku akitazama kama dunia bado inakwenda kwa utaratibu iliyopewa, na kesho yake ripoti fupi ilikwenda Ninawi. Ripoti hizo zilitoka miji ya Ashuru, Arbela, Babeli, Borsippa, Uruk na kwingineko, kwa hiyo mawingu yakifunika mji mmoja, mji mwingine ungeona.

Zinguo

Kama ishara ingekuwa hukumu isiyobadilika, elimu yote hii ingekuwa mateso matupu. Lakini kila ishara mbaya ilikuwa na dawa yake, ibada iliyoitwa namburbi, neno la Kisumeri lenye maana ya "kufunguliwa kwake". Kiswahili kina neno linalokaa hapo barabara: zinguo. Baya limekuzonga, nawe unazinguliwa. Kwa maombi, maji, kafara na sanamu ya kile kilicholeta ishara, shauri lilirudishwa mbele ya mungu Shamash, yaani jua, mwamuzi wa mbinguni na duniani, ili abadilishe uamuzi.

Tetemeko la ardhi lilipotokea na mfalme akashikwa na hofu, mtaalamu aliyeitwa Balasi alimwandikia kwa upole wa mzee anayemtuliza kijana. Alimuuliza kama zama za baba na babu zake hapakuwa na matetemeko, na kama yeye Balasi hakuyaona alipokuwa mdogo. Mungu alitaka tu kuyafungua masikio ya mfalme. Mungu Ea ndiye aliyetenda, na Ea ndiye atakayetengua. Aliyeleta tetemeko ndiye aliyeumba na zinguo lake. Mfalme na aombe na kufanya ibada.

Kondoo mbele ya Shamash

Ishara za anga na za njiani zilikuja zenyewe. Lakini mfalme mwenye uamuzi wa kufanya leo hawezi kungoja nguchiro apite. Kwake kulikuwa na njia ya kuuliza na kujibiwa: kondoo dume, na mwaguzi aliyeitwa baru.

Maswali ya Esarhaddon na Ashurbanipal yamebaki kwa wingi, na yote huanza na ombi moja kwa Shamash, bwana mkuu, ajibu kwa ndiyo ya kweli kile anachoulizwa. Kisha swali lenyewe linapangwa kama hati ya kisheria. Kashtaritu, bwana wa mji katika milima ya Wamedi, anatishia mji wa Kishassu. Je, kuanzia siku hii hadi siku fulani, yeye na askari wake, au Wakimeri, au Wamana, watauteka? Swali halikuishia hapo. Liliendelea kutaja njia: kwa nguvu, kwa ngazi, kwa kujenga tuta la udongo ukutani, kwa kuwashindisha watu njaa, kwa maneno matamu na mikataba. Kila mwanya ulizibwa ili mungu asiwe na pa kujibu kwa mafumbo, na muda uliwekwa ili jibu liweze kupimwa.

Kisha inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote, ambamo mwaguzi anamwomba mungu asihesabu makosa. Usijali kwamba mtu najisi amekaribia mahali hapa. Usijali kama kondoo huyu ana kasoro. Usijali kwamba mimi niliyegusa paji la uso wa kondoo nimevaa nguo zangu za kila siku zilizochafuka, au nimekula au kunywa kisichofaa. Usijali kama maneno yamenichanganyika kinywani. Zaidi ya miaka 2,600 imepita, na bado unamwona mtu mwenye wasiwasi wa kazi yake, anayejua kwamba vita na maisha ya watu vimening'inia kwenye ulimi wake.

Kondoo alichinjwa, ini likatolewa, na mwaguzi akalisoma kama mwandishi asomavyo kibao. Ndivyo walivyosema wenyewe: Shamash huandika hukumu yake ndani ya kondoo. Ini lilikuwa na ramani. Kulikuwa na sehemu iitwayo mahali pa kusimama, nyingine njia, nyingine lango la ikulu, nyingine kidole. Nyongo ilikaguliwa, mikunjo ya utumbo ilihesabiwa, vitundu na alama zinazofanana na silaha ziliandikwa. Upande wa kulia ulikuwa wa anayeuliza, wa kushoto ulikuwa wa adui. Tundu upande wa kulia lilikuwa baya kwa mfalme. Tundu lilelile kushoto lilikuwa baya kwa adui, yaani heri kwa mfalme. Mwisho alama njema na mbaya zilipimwa zipi zimezidi. Ili kuhakikisha, kondoo wa pili aliletwa kwa uchunguzi wa marudio.

Mambo mengine yaliyopelekwa mbele ya Shamash ni kama mwana fulani aingizwe katika Nyumba ya Urithi na hivyo atangazwe mrithi, na kama Bartatua, mfalme wa Waskithi, akipewa binti wa Esarhaddon atashika kiapo chake. Palikuwa pia na uteuzi wa maofisa. Jina la mtu liliandikwa kwenye karatasi ya mafunjo, likawekwa mbele ya mungu, na mwaguzi akauliza kama mtu ambaye jina lake limo humo atakuwa mwaminifu kwa mfalme.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Kondoo hakumpa mfalme mpango. Mpango ulikuwa umekwisha kupikwa na mfalme na wakuu wake, wenye habari za wapelelezi na hesabu za askari. Ini liliulizwa ndiyo au hapana. Kwa maoni yangu, faida kubwa ya utaratibu huu ilikuwa kulazimisha swali liwe wazi. Kabla ya kuchinja, ilibidi mtu aandike adui ni nani, anaweza kuja kwa njia zipi, na ndani ya siku ngapi.

Nani atawaagulia waaguzi?

Utaratibu huu una udhaifu unaoonekana upesi. Anayesoma ini anaweza kusema uongo, na anayeona nyota anaweza kunyamaza. Mtaalamu wa Kibabeli, Bel-ushezib, alimwandikia Esarhaddon kwamba zama za baba yake waaguzi na wanajimu walikuwa wamepatana kumficha mfalme ishara mbaya.

Ndipo tunapoelewa mbinu moja iliyotumika. Sargon wa Pili, babu yake Esarhaddon, aliuawa vitani huko Tabal, katika Uturuki ya leo, mwaka 705 KK, na maiti yake haikupatikana kuzikwa nyumbani. Mfalme kufa hivyo kulitikisa dola nzima. Kibao kimoja kinamsimulia Sennacherib akitaka kujua baba yake aliwakosea nini miungu. Aliwagawa waaguzi makundi kadhaa, yasiyokaribiana wala kusemezana, kila kundi likachunguza peke yake. Esarhaddon naye anasimulia katika maandishi yake kwamba alipotaka kujua sanamu za miungu zitengenezwe upya katika karakana ipi, aliwatenga waaguzi vivyo hivyo, nao wakakubaliana kwa sauti moja. Yeyote aliyewahi kuhoji mashahidi anaujua mtindo huo.

Hatari ya pili ilikuwa uaguzi kuwafikia wasiostahili. Kumuuliza mungu kama fulani atakuwa mfalme ni nusu ya uasi. Kudurru, mfungwa wa Kibabeli, alimwandikia mfalme barua ya kujinasua. Alitolewa kifungoni, akapelekwa chumba cha juu cha hekalu, akanyweshwa divai, kisha akaulizwa kama anajua uaguzi. Swali lilikuwa kama towashi mkuu atautwaa ufalme. Kudurru alinawa, akavaa nguo safi, akatazama, akajibu: atautwaa. Wenyeji wake wakafurahi, wakamwahidi makuu. Sasa anamwapia mfalme kwamba uaguzi ule ulikuwa ulaghai mtupu, na jambo pekee aliloliwaza ni kwamba asije akauawa.

Huko upande wa mji wa Harran kijakazi mmoja alitamka, kwa jina la mungu Nusku, kwamba ufalme ni wa mtu aitwaye Sasi na uzao wa Sennacherib utafutwa. Esarhaddon alikuwa amekwisha kujihami. Mwaka 672 KK aliwaapisha watu wa dola yake kuripoti neno lolote baya dhidi ya mrithi wake, hata likitoka kinywani mwa nabii au mwaguzi. Mwaka 670 KK, kumbukumbu za Babeli zinasema, aliwaua kwa upanga wakuu wake wengi.

Ujuzi wa wataalamu ulikuwa pia na upande wa kufungua njia za kisiasa. Sennacherib alikuwa ameiharibu Babeli mwaka 689 KK, na Esarhaddon alitaka kuijenga. Lakini ilisemekana kwamba mungu Marduk, kwa hasira yake, alikuwa ameandika mji ukae ukiwa kwa miaka 70. Katika mwandiko wa kabari, 70 huandikwa kwa msumari wima wenye thamani ya 60, ukifuatiwa na ndoana yenye thamani ya 10. Geuza mpangilio, ndoana itangulie, na msumari uleule sasa unasomwa 1: jumla 11. Marduk alirehemu, wanasema waandishi wa Esarhaddon, akaigeuza namba juu chini, na Babeli ikajengwa mwaka wa 11. Usidhani walikuwa wanacheza na maandiko. Kwao uandishi wenyewe ulikuwa kazi ya miungu, na uwezekano wa kuisoma namba vingine ulikuwa umewekwa humo makusudi.

Lakini Esarhaddon mwenyewe aliishi akiwa ameelemewa. Alikuwa mgonjwa wa mara kwa mara, aliyempoteza baba kwa mikono ya ndugu zake, kisha mkewe akafariki mwaka 672 KK. Barua za wataalamu zinamwonyesha akijifungia gizani bila kula. Adad-shumu-usur alimwandikia kwamba mfalme ni mfano wa Shamash, na jua lenyewe halikai gizani zaidi ya nusu ya siku. Mbona yeye amefika siku ya pili? Na siku radi ilipopiga mashamba ya Harihumba, mfalme akaanza kutafuta maana yake. Balasi akamuuliza kwa nini anatafuta balaa, tena nyumbani kwa mkulima. Ikuluni hamna baya, na mfalme amefika lini Harihumba? Hao ndio wataalamu ambao tungedhani kazi yao ilikuwa kumtisha.

Mwezi unapopatwa

Kitu kimoja hakikuweza kupoozwa kwa barua. Kupatwa kwa mwezi kulimgusa mfalme mwenyewe, kwa kifo. Hata hapo palikuwa na hesabu. Uso wa mwezi uligawanywa sehemu nne: kulia Akkad, yaani nchi ya Babeli, kushoto Elam, nchi ya mashariki, juu nchi za magharibi, chini Subartu, jina ambalo Waashuru walijihesabia wao. Kivuli kilianzia wapi, kikaondokea wapi? Mushtari ilionekana wakati wa kupatwa? Kama ilionekana, mfalme amesalimika. Kama haikuonekana, ilibaki njia moja.

Mtu mwingine aliwekwa kuwa mfalme. Alivikwa mavazi ya kifalme, akaketishwa kitini, akapewa bikira awe malkia wake, na ishara mbaya zilisomwa mbele yake ili azibebe. Mfalme halisi alijiweka pembeni, na wataalamu wake wakimwandikia walimwita "mkulima". Hali hiyo iliweza kudumu hadi siku 100. Kisha mbadala "alikwenda kwenye ajali yake". Maneno hayo yalifunika kifo. Kwa kawaida alichaguliwa mtu ambaye hakuna wa kumlilia: mfungwa, aliyehukumiwa kufa, au punguani.

Tarihi moja ya zamani inasimulia mambo yalivyoweza kwenda kombo. Erra-imitti, mfalme wa mji wa Isin, alimweka mtunza bustani Enlil-bani kuwa mbadala wake. Mfalme akanywa mchuzi wa moto akafia ikuluni. Mtunza bustani hakutoka kitini, akawa mfalme kweli.

Majira ya baridi ya 671 kuelekea 670 KK, baada ya mwezi kupatwa, mbadala wa Esarhaddon alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa: Damqi, mwana wa msimamizi mkuu wa hekalu la mji wa Akkad. Aliyeshughulikia jambo hilo alikuwa Mar-Issar, wakala wa mfalme huko Babeli, na barua yake tunayo. Anaripoti kwamba Damqi, aliyetawala Ashuru, Babeli na nchi zote, amekufa pamoja na malkia wake kwa ajili ya bwana wake mfalme. Kaburi lilitengenezwa. Wawili hao walipambwa, wakalazwa watu wawaone, wakazikwa, wakaliliwa. Sadaka iliteketezwa, ishara zote zikafutwa, mazinguo yakafanywa kwa ukamilifu. Watu wa Akkad, anaongeza, waliingiwa na hofu. Tukawatia moyo, wakatulia. Naye mkulima wa Ninawi akarudi kuitwa mfalme.